Maoni: Pesa ya muziki wa gari ianze na waya, sabufa ingoje

Mjini Bunia, muziki wa gari ni jambo la heshima. Jioni ya Jumamosi kandokando ya Boulevard de la Libération, magari mengine unayasikia kabla ya kuyaona. Sabufa inatetemesha namba ya gari nyuma, vioo vinalia, na vijana wanageuza shingo. Hakuna ubaya ndani yake. Mtu aliyetoka jasho mpaka akapata gari ana haki ya kulifurahia, na shofa anayeshinda kutwa nzima kwenye usukani anahitaji sauti ya kumweka macho.

Tatizo liko kwenye namna tunavyogawa pesa kidogo tuliyo nayo. Tuchukue mtu mwenye dola 200 za kuweka muziki kwenye Toyota yake ndogo. Desturi yetu inajulikana. Dola 140 zinaenda kwa sabufa na ampli kubwa yenye boksi linalong'aa. Dola 50 zinanunua bafle nne za bei rahisi. Dola 10 zinazobaki ndizo za nyaya na za fundi, na hata hizo fundi anabembelezwa azipunguze.

Ninaandika makala hii kusema kwamba hesabu hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Kwa mtu wa Ituri mwenye pesa kidogo, karibu theluthi moja ya pesa yote inapaswa kwenda kwenye kazi ya kufunga: nyaya, fyuzi, kutengeneza milango na malipo ya fundi. Theluthi nyingine ni ya bafle mbili nzuri za mbele. Ampli inachukua kinachobaki, na sabufa ingoje siku nyingine. Sababu zangu ni tatu: sauti yenyewe, moto unaoweza kuteketeza gari, na barabara zetu ambazo si mahali pa kukwama.

Namba za kwenye boksi

Tuanze na ampli, kwa sababu ndiyo inayokula pesa nyingi. Bidhaa nyingi tunazonunua Bunia zinapitia Uganda, kwa Mahagi au kwa njia ya Ziwa Albert, na zinafika na namba kubwa juu ya boksi: wati 2000, wati 3000, hata 5000. Muuzaji anakuonyesha namba hiyo kwa kidole: "Kaka, hii ndiyo yenyewe." Mnunuzi analinganisha namba na bei, anaona amepata faida.

Kuna njia rahisi ya kujua ukweli, na haihitaji shule kubwa. Geuza ampli uangalie fyuzi zilizochomekwa karibu na mahali nyaya zinapoingilia. Tuseme ina fyuzi mbili za ampea 25. Jumla ni ampea 50. Gari linapowaka, umeme wake unakaa karibu na volti 13.8. Zidisha 50 kwa 13.8, unapata wati 690. Hizo ndizo wati ambazo ampli inaweza kuvuta mfululizo bila kukata fyuzi zake. Na si zote zinatoka kama sauti. Ampli za mtindo wa zamani, zinazoitwa daraja AB, zinapoteza karibu asilimia 40 kama joto, ndiyo maana zinaunguza mkono. Ampli hiyo basi inaweza kutoa karibu wati 400. Ikiwa ni ya daraja D, inayopoteza kidogo, itafika karibu wati 550. Zile 3000 ni rangi ya boksi tu.

Unapokwenda dukani, uliza maneno mawili: wati za RMS. Hizo ndizo wati ambazo kifaa kinabeba kwa muda mrefu, si zile za nukta ya sekunde. Kama hazikuandikwa popote, wala kwenye boksi wala kwenye karatasi ya ndani, amini fyuzi na uache namba nyingine.

Jambo la pili linashangaza wengi. Ukiongeza nguvu mara mbili, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linatambua tofauti hiyo, lakini ni ndogo. Ili sikio liseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10 zaidi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo mtu anayelipa dola nyingi kutoka ampli ya wati 100 kwenda ya wati 200 ananunua desibeli 3. Desibeli hizo hizo angezipata kwa kuchagua bafle yenye usikivu wa 91 badala ya 88. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya bafle, karibu na alama ya dB, na kuisoma hakumgharimu mtu hata franka moja.

Kile tunachosikiliza

Sababu ya pili ya kuweka bafle za mbele kabla ya sabufa ni muziki wetu wenyewe. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021, haiishi kwenye kishindo. Inaishi kwenye sauti za waimbaji zinazopokezana na kwenye magitaa yanayosemezana wakati wa sebene. Uzi mnene wa gitaa la kawaida unalia kwa karibu hezi 82. Uzi mnene wa gitaa la besi unalia kwa karibu hezi 41. Bafle nzuri ya inchi sita na nusu, iliyofungwa vizuri kwenye mlango, inabeba gitaa lote na sehemu kubwa ya besi. Sabufa inaongeza kile cha chini kabisa. Ni kama pilipili: inapendeza juu ya chakula, lakini haishibishi.

Na si muziki tu. Kwenye gari tunasikiliza habari. Radio Okapi inatoa habari kwa Kiswahili tangu 2002, Radio Candip ni sauti ya mji wetu, na shofa wa Ituri hasikilizi habari kwa kupoteza wakati. Anataka kujua kama barabara imefungwa, kama kuna mapigano Djugu, kama msafara utaondoka. Maneno ya mtu yanaeleweka kwa herufi kama s, t, k na f, na hizo zinakaa juu, kuanzia karibu hezi 2000 na kuendelea. Bafle rahisi zilizofunikwa na kishindo cha sabufa zinameza herufi hizo. Unasikia kwamba mtangazaji anasema, lakini jina la kijiji linakupita. Kwa mtu aliye njiani, jina la kijiji ndilo habari yenyewe.

Kwa nini bafle mbili za mbele na si nne? Kwa sababu shofa na aliye kando yake wanakaa mbele, na muziki wa asili unatoka mbele ya msikilizaji, sawa na kanisani au ukumbini. Pesa ya bafle nne dhaifu inanunua mbili za maana. Zile za nyuma zilizokuja na gari ziache zilivyo, au zizime.

Mlango ndio kasha

Hapa ndipo kazi ya kufunga inaanza kuonyesha thamani yake. Bafle inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kukutana na ya mbele, zinafutana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Mlango wa gari una matundu makubwa chini ya ubao wa ndani, na bafle iliyobandikwa kwa skrubu mbili inaacha nafasi pembeni. Matokeo yake mnayajua: mtu anasema bafle hazina besi, anarudi dukani kununua sabufa. Alichokosa ni ubao.

Fundi mwenye akili anakata pete ya mbao ngumu au pliwudi, anaifunga imara kwenye bati la mlango, anaweka bafle juu yake na kuziba pembeni kwa mpira. Matundu ya mlango anayafunika kwa utepe wa lami au bati jembamba lenye mpira, akiacha mifereji ya chini wazi ili maji ya mvua yatoke. Vifaa hivyo ni vya bei ndogo. Kinachogharimu ni saa tatu au nne za mtu anayejua anachofanya. Baada ya kazi hiyo, bafle ileile inalia kama nyingine. Na kwenye barabara za Bunia, ambako vumbi linaingia kila mahali na mashimo yanalegeza kila skrubu, bafle iliyofungwa ovyo haimalizi mwaka bila kutetemeka.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu kazi nyingi: waya wa chanya na wa hasi kubadilishana upande mmoja. Bafle ya kulia ikisukuma, ya kushoto inavuta, na besi inapotea katikati ya gari. Kulichunguza ni rahisi. Kabla ya kuunganisha, fundi agusishe kijiwe cha redio cha volti 1.5 kwenye nyaya za bafle kwa sekunde moja. Karatasi ya bafle ikitoka nje, upande wa chanya wa kijiwe uko kwenye chanya ya bafle. Afanye hivyo pande zote mbili. Dakika tano zinatosha.

Waya mwembamba ni moto uliolala

Sasa nifike kwenye jambo linalonisukuma kuandika. Waya mkuu unaotoka kwenye batri hadi kwenye ampli unapita urefu wa karibu mita tano ndani ya gari, chini ya zulia, kupitia tundu la bati linalotenganisha injini na watu. Batri ya gari ndiyo inayozungusha injini nzito asubuhi, na kazi hiyo inataka zaidi ya ampea 100. Ikiwa waya huo umekatwa na makali ya bati na kugusa mwili wa gari, batri itamwaga nguvu yake yote kwenye nukta hiyo moja. Plastiki ya waya inawaka, zulia linafuata.

Kinga yake ni fyuzi moja, iliyowekwa karibu na batri, isizidi nusu mita. Fyuzi zilizo kwenye ampli hazitoshi, kwa sababu zinalinda ampli, hazilindi mita tano za waya zilizo kabla yake. Fyuzi ya karibu na batri na kikasha chake ni vitu vya dola chache, na ndivyo vinavyorukwa mara ya kwanza pesa inapopungua. Kwenye tundu la bati panatakiwa mpira wa kuzuia makali. Kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa vizuri kinafaa kuliko hakuna.

Tukumbuke tena magari yetu yanabeba nini. Bidoni ya esansi iliyonunuliwa kwa Kadhafi inawekwa nyuma, mara nyingi kando ya sabufa yenyewe. Cheche moja hapo haihitaji maelezo.

Kisha kuna unene wa waya. Tuseme ampli inavuta ampea 30. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 4 kwa mita tano, utapoteza karibu volti 0.66 njiani. Lakini nyaya nyingi za bei rahisi si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu, inayopitisha umeme vibaya zaidi. Kwa waya wa namna hiyo upotevu unapita volti 1. Volti 1 mara ampea 30 ni wati 30 za joto chini ya zulia, sawa na joto la kile kifaa kidogo ambacho mafundi wa redio wanatumia kuyeyusha risasi. Kwa waya wa shaba halisi wa milimita 16, upotevu unashuka hadi karibu volti 0.16, na waya hauna joto la kutisha.

Namna ya kutambua: mwambie muuzaji akate ncha, kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Si dhambi kuitumia, mradi uongeze unene na ulipe bei ya alumini, si ya shaba. Na waya wa kurudi, ule unaofungwa kwenye mwili wa gari, uwe na unene uleule, uwe mfupi, na rangi ikwaruzwe mpaka bati lionekane. Mafundi wengi wanaufunga kwenye skrubu yoyote ya kiti juu ya rangi, halafu wanashangaa kwa nini ampli inazima kila besi inapopiga. Waya wa sauti nao upite upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme, la sivyo utasikia injini ikilia ndani ya bafle kila unapokanyaga mafuta.

Batri na barabara

Watu wa Kinshasa au Kampala gari lao likikataa kuwaka, wanakasirika, wanaita fundi, wanachelewa kazini. Kwetu mambo ni mengine. Kwenye barabara ya taifa nambari 27, inayotoka Komanda kupitia Bunia kuelekea Djugu na Mahagi, na kwenye nambari 4 kati ya Komanda na Luna kuelekea Beni, watu wameuawa na magari yamechomwa na makundi yenye silaha. Tangu 2021 tumezoea misafara inayosindikizwa na jeshi. Msafara haukungoji kwa sababu batri yako imekufa uliposimama kununua ndizi.

Tupige hesabu. Toyota nyingi ndogo zina batri ya ampea-saa 60 hivi. Gari likisimama na muziki ukivuta wastani wa ampea 10 kwa saa tatu, umekwisha kutumia 30, yaani nusu ya batri mpya. Lakini batri zetu nyingi si mpya. Batri iliyochoka, ambayo kwa kweli imebaki na nusu ya nguvu yake, itakuwa tupu. Na injini inapozunguka mambo hayamalizwi hapo. Alternateri ya gari dogo inatoa karibu ampea 70 au 80 injini ikikimbia, lakini injini ikilala kwenye foleni au kwenye matope inatoa kama nusu. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula karibu ampea 9. Feni ya injini, pampu ya mafuta na mfumo wa kuwasha vinakula nyingine 20 na zaidi. Kinachobaki kwa muziki usiku ni kidogo. Ampli inayotaka ampea 50 inakopa kwenye batri, na deni hilo linadaiwa asubuhi.

Ndiyo maana nasema ampli ya wastani, yenye wati 50 halisi kwa kila bafle, inamtosha mtu wa kawaida. Gari lako litawaka kesho. Anayetaka zaidi ya hapo anunue kwanza batri mpya, apime alternateri, kisha azungumze habari ya sabufa. Na kipimo cha volti cha bei ndogo, kilichobandikwa karibu na redio, kina faida kuliko taa za rangi. Gari likiwa limezimwa na namba ikishuka chini ya volti 12, zima muziki.

Wanaopinga

Najua watakaonijibu. Wa kwanza ni shofa wa kubeba abiria. Atasema: abiria vijana wanachagua gari lenye kishindo, na kishindo ni pesa. Ninamwelewa. Lakini abiria wake si vijana tu. Kuna mama anayetoka sokoni na mtoto mgongoni, kuna mgonjwa anayepelekwa hospitalini, na kuna shofa mwenyewe anayekaa ndani kutwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila desibeli 3 zaidi zinapunguza muda huo kwa nusu. Gari lenye kelele ya desibeli 92 linamruhusu saa mbili na nusu kwa juma nzima. Shofa anazimaliza kabla ya saa sita mchana ya Jumatatu. Sikio likifa halifufuki, na shofa asiyesikia honi ya wamotari kwenye kona ni hatari kwa wote.

Wa pili atasema: nitanunua vitu vikubwa sasa, nyaya nzuri nitaweka baadaye. Sote tunajua "baadaye" yetu. Ada ya shule inafika, mtoto anaugua, tairi linapasuka. Waya mbaya unabaki miaka. Hesabu yangu inaenda kinyume: waya mnene uliowekwa leo unangoja ampli kubwa ya kesho bila kubadilishwa, bali ampli kubwa haiwezi kungoja waya.

Wa tatu atasema: fundi ni ndugu yangu, atanifungia kwa chupa ya soda. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi. Kazi ya bure haina lawama. Ndugu atakayefunga bila kulipwa atafunga haraka, jioni, kwa tochi ya simu, na siku waya ukinuka huna mlango wa kugonga. Heshima ya undugu haikatazi malipo. Mzee wa familia akikujengea nyumba unamlisha na kumlipa. Kwa nini anayegusa umeme wa gari lako apewe soda?

Hesabu tatu

Bei zinapanda na kushuka kama dola na franka, kwa hiyo msishike namba, shikeni mgawanyo.

Mwenye dola 80 asinunue ampli kabisa. Redio ya gari ina ampli ndogo ndani yake. Hata kama imeandikwa 4 mara wati 50, inatoa wati 15 hadi 20 halisi kwa kila bafle, na zinatosha kwa bafle yenye usikivu mzuri. Aweke dola 45 kwa bafle mbili za mbele, na 35 kwa pete za mbao, kuziba milango na fundi. Atashangaa.

Mwenye dola 200 aweke 70 kwa bafle za mbele, 60 kwa ampli ndogo ya mikondo miwili yenye wati halisi, na 70 kwa kufunga: 30 za waya, fyuzi na vichwa vyake, 15 za milango, 25 za fundi. Ampli iliyotumika inayojulikana, iliyopimwa mbele yako kwa nusu saa, ni bora kuliko mpya isiyo na jina.

Mwenye dola 400 aanze na batri. Ikiwa imechoka, aibadilishe kabla ya kitu chochote, kisha agawe kinachobaki kama yule wa dola 200. Ikiwa batri na alternateri ni wazima, aweke 110 kwa bafle, 90 kwa ampli ya mikondo minne, 120 kwa kufunga, na 80 kwa sabufa moja ndogo ndani ya kasha lililofungwa pande zote. Mikondo miwili inaendesha mlango, mingine miwili inaunganishwa kuendesha sabufa, baada ya fundi kuhakikisha kwamba ampli inaruhusu.

Kwa wote, kazi ya mwisho ni ileile. Kile kitufe cha ampli kinachoitwa geni si cha sauti. Ufungue redio hadi robo tatu, upandishe kitufe polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha urudishe nyuma kidogo na usikiguse tena. Sauti inayokwaruza ndiyo inayounguza twita, hata kwa ampli ndogo.

Kwa mafundi, wauzaji na wakubwa

Mafundi wetu hawakosi akili. Wanakosa bei. Fundi anayelipwa dola 5 kwa kazi ya siku nzima atachagua njia fupi, na mimi singemlaumu. Lakini naye atoe kitu: karatasi yenye jina lake, unene wa waya, ukubwa wa fyuzi, na ahadi ya kurudia kazi ndani ya mwezi mmoja. Mteja atakayeona karatasi hiyo ataelewa analipa nini.

Wauzaji waandike wati halisi kando ya bei, na waache kuita alumini shaba. Mteja aliyedanganywa harudi, na mji wetu ni mdogo.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Nchi hii ina INPP, taasisi ya taifa ya kufundisha kazi, tangu 1964, na Ituri ina shule za ufundi. Umeme wa gari la leo si ule wa lori la zamani, na vijana wengi wanaojifunza barabarani wangefurahi kupata masomo ya juma mbili kuhusu nyaya, fyuzi na kipimo. Na anayesimamisha magari kuangalia karatasi angeweza pia kufungua boneti na kuuliza: fyuzi iko wapi?

Wewe unayesoma makala hii na tayari una muziki kwenye gari, usingoje hao wote. Fungua boneti leo. Fuata ule waya mnene unaotoka kwenye chanya ya batri kwa kidole chako. Kama hukukutana na fyuzi kabla ya nusu mita kwisha, ondoa waya huo kwenye batri mpaka fyuzi ipatikane. Utakaa siku moja au mbili bila besi, na gari lako litabaki lako.